Mkono Ndani ya Kizimba

Damu kwanza, mkono baadaye. Sheria ya chumba cha mbu ilikuwa fupi hivyo, na aliyewafundisha wengine kuishika ni mtu yuleyule aliyekuja kuivunja.

Alikuwa mlishaji wa mbu katika kituo cha utafiti, kazi ambayo watu wakiisikia kwa mara ya kwanza hucheka, kisha hujikuna. Kituo kilihitaji mbu wengi, wazima, wa ukoo mmoja, ili watafiti wajaribie dawa zao za kupulizia na vitambaa vyao vya vyandarua. Mbu jike hatagi mpaka anywe damu. Basi kila asubuhi mlishaji alikunja mkono wa shati, akanawa kwa maji matupu kwa sababu harufu ya sabuni huwafukuza, akapitisha mkono kwenye mfuko mrefu wa kitambaa ulioshonewa ubavuni mwa kizimba, akatulia. Wakashuka. Ngozi yake ilikuwa imezoea kiasi kwamba haikuvimba wala kuwasha. Wenzake walimwita Mzee Mkono, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sheria ilikuwa na sababu. Kimelea cha malaria hakiishi majini, hakiishi udongoni, wala mbu hakirithi kwa mama yake. Malaria hii ya watu ina nyumba mbili tu, mwili wa mtu na mwili wa mbu, na kimelea lazima kihame kutoka moja kwenda nyingine, la sivyo ukoo wake unakatika. Mbu wa kituo walizaliwa kwenye trei za plastiki, na mama zao vilevile. Walikuwa wasafi kama maji ya mvua. Ugonjwa ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia mle ndani, nao ni mkono wa anayewalisha. Ndiyo maana mlishaji alitobolewa kidole mara kwa mara, na aliyesafiri kwenda bondeni, kwenye joto na malaria, hakuruhusiwa kugusa kizimba mpaka damu yake itazamwe kwenye hadubini.

Mji wenyewe ulikuwa juu, wenye baridi, na mbu wa malaria hawakuwa na maisha huko. Chumba kile kilikuwa kama kipande cha bondeni kilichofichwa nyuma ya milango miwili. Hita iliwaka mchana na usiku, taulo zilizolowa maji zilining'inia ukutani ili hewa iwe na unyevu, na kwenye trei viluwiluwi vilipinda na kunyooka kama vidole vya mtu anayeota. Lakini kilichowatisha wageni ni sauti. Mtu akiingia na kupumua, ule mlio mwembamba wa mbu ulibadilika. Ulipanda kidogo. Kisha, katika kila kizimba, mbu wote walihamia upande aliosimama mtu, wakaning'inia kwenye wavu wakimwelekea, kama watu waliosikia wakiitwa majina.

"Wananijua hao," mlishaji alipenda kusema.

"Wanajua pumzi yako, mzee wangu," alimjibu mkuu wa maabara, mwanamke mpole asiyepandisha sauti. "Hata mbuzi akiingia hapa watamkaribisha hivyohivyo."

"Mbuzi hana mkono kama huu."

Nyumbani mkewe alikuwa na utani wake. Kwa kuwa wanaonyonya damu ni majike peke yao, aliwaita wake wenza. "Wake wenzangu wameshindaje?" alimuuliza kila jioni akimpokea koti. "Wamekula? Wamekuacha na damu ya kutosha kunisaidia kubeba ndoo?"

"Wanakusalimu."

"Waambie mimi ndiye mke mkubwa."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa bondeni ambako mumewe aliendesha mashine za kiwanda. Mimba yake ya kwanza iliharibika kwa malaria. Alipopata ya pili, hakuna aliyetaka kubahatisha. Ikakubaliwa kwamba apande mjini kwa wazazi wake, kwenye baridi, akae huko mpaka ajifungue. Mlishaji mwenyewe alishuka kumchukua. Alikaa kwa mkwewe siku kadhaa, wakala, wakacheka, wakalala na madirisha wazi kwa ajili ya joto. Mkwewe alimtandikia chandarua. Yeye akakisogeza pembeni.

"Mimi nalisha mbu kwa mshahara, baba," alisema. "Wa kwenu nitawaogopa?"

Walipofika mjini, binti alipelekwa zahanati siku ileile. Alipimwa, akakutwa hana malaria, akaambiwa ale, apumzike, awe na amani. Baba yake alisimama kando ya mlango akimsubiri. Muuguzi alimuuliza kama naye angependa kupimwa, maana alikuwa ametoka kulekule.

"Mimi mzima kama jiwe," alisema.

Na kweli alikuwa mzima. Hakuwa na homa, hakuumwa kichwa, alikula na kulala vizuri. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtu aliyekulia kwenye malaria, kama yeye, na kuugua mara nyingi tangu utotoni anaweza kubeba vimelea mwilini bila kuhisi chochote, akatembea nao sokoni na kazini. Mlishaji alilijua hilo kuliko jirani yake yeyote, kwa kuwa lilikuwa somo lake mwenyewe kwa wageni.

Aliporudi kazini alikuta mpimaji damu yuko likizo. Mlishaji mwenzake alikuwa amevimba mikono kwa mzio, haruhusiwi tena kulisha, na mbu walikuwa wamekaa na njaa, mayai yamepungua. Mkuu wa maabara alimkuta mlangoni amekwisha kukunja shati.

"Mzee wangu, umetoka bondeni. Umepima?"

Angeweza kusema hapana. Angengoja siku chache, mbu wachache wangekufa, na dunia ingeendelea. Lakini alisikia ule mlio nyuma ya mlango wa pili, akawaona wanavyoning'inia kwenye wavu wakimngoja yeye, si mwingine.

"Nimepima," alisema.

Mkuu aliamini. Kwa nini asiamini? Mtu huyu ndiye aliyekuwa akiwafukuza wengine mlangoni.

Aliingiza mkono. Baadaye alikumbuka kwamba siku ile walishuka haraka kuliko kawaida, wakatulia juu ya ngozi yake wote pamoja, mpaka mlio ukakatika kabisa. Chumba kilikuwa kimya kama nyumba ambayo watu wake wote wako mezani.

Wiki chache baadaye msimu wa baridi ulikaza, na hita ikaharibika. Kifaa cha kuibadilisha kilisemekana kiko njiani, na maneno hayo yaliendelea kusemwa kila siku. Mbu wakaanza kuanguka sakafuni mwa vizimba, miguu juu. Mkuu alisema kwa huzuni kwamba huenda ukoo ule ukapotea, wataomba mayai kituo kingine. Mlishaji hakulala vizuri usiku ule. Kesho yake jioni alitoka na kizimba kimoja kidogo, chenye mbu waliobaki na nguvu, amekifunika kwa koti kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Alikiweka kwenye stoo nyuma ya jiko la mkaa, ambako ukuta ulikuwa na joto mchana kutwa. Akaning'iniza kitambaa kilicholowa maji, akaweka bakuli la maji la kutagia na pamba yenye maji ya sukari.

Mkewe alisimama mlangoni mikono kiunoni. Safari hii hakucheka.

"Umeniletea mpaka ndani?"

"Ni kwa muda tu, mama. Hita ikitengenezwa wanarudi."

"Na mtoto yuko chumba cha pili pale, na tumbo lake."

"Hawa ni wasafi. Hawajawahi kuonja ugonjwa. Ingekuwa ni wa bondeni ningewaleta?"

"Mimi sijui wasafi wala wachafu. Mbu ni mbu."

"Wewe mke mkubwa, kuwa na moyo mkubwa," alisema, naye mkewe akajikuta anatabasamu bila kupenda, mambo yakaishia hapo. Mambo mengi mabaya huishia hapo, kwenye tabasamu la mtu aliyechoka kubishana.

Akawa anawalisha stoo, kabla ya chai. Nyumba ikaanza kuzoea. Lakini binti hakuzoea. Asubuhi moja mezani alisukuma kikombe pembeni.

"Baba, nyumba hii ina mtu anayeimba?"

"Anaimba vipi?"

"Sauti nyembamba. Inakuja sikioni, inanyamaza. Ikinyamaza ndipo naogopa zaidi. Najihisi kama kuna mtu amesimama kitandani ananiangalia, nikigusa hakuna kitu."

"Masikio ya mimba hayo," mlishaji alisema. "Mama yako alipokuwa na mimba yako alisikia jogoo kwenye kabati."

"Sikusikia jogoo popote," alisema mkewe.

Mlishaji alimaliza chai taratibu ili asionekane ana haraka, kisha akaenda stoo. Mfuko wa kitambaa ubavuni mwa kizimba ulikuwa umetafunwa na panya, tundu la kupita kidole gumba. Ndani walibaki wachache. Aliinama akasikiliza. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na alipata hisia isiyopendeza kwamba, mahali fulani nyuma ya makabati na chini ya vitanda, nyumba nayo ilikuwa inamsikiliza.

Alishona tundu. Alijiambia kwamba hakuna madhara, mbu wasafi hawana cha kumpa mtu zaidi ya kipele. Na alijiambia jambo la pili, ambalo ndilo lililokuwa na uzito: kwamba akitangaza, habari itafika kituoni, na atapoteza kazi.

Siku chache baadaye mkewe alikuwa anatandika kitanda cha binti. Alimwona mbu ukutani, amekaa kichwa chini mgongo juu kama msumari uliopigwa mshazari, tumbo limejaa. Akampiga kofi moja. Alitoka na kiganja chekundu, akamnyooshea mumewe.

"Mzee. Mke mwenzangu mmoja ametoroka."

"Ameonekana?"

"Nimekuonyesha damu yake. Au niseme damu ya mwanangu."

"Hana neno huyo. Nimekwambia ni wasafi."

Mkewe alikwenda kunawa. Tangu siku ile hakuwaita tena wake wenza.

Wiki chache baadaye homa ilianza, pamoja na uchovu. Binti alitetemeka chini ya mablanketi, akatoka jasho, akapata nafuu, akatetemeka tena. Zahanati waliuliza kama ametoka bondeni karibuni. Hapana, alijibu, ana miezi hapa, na alipofika alipimwa akawa safi. Basi muuguzi akasema huku juu hakuna malaria, hii itakuwa maambukizi ya njia ya mkojo, wajawazito wanapata sana. Akapewa vidonge. Mlishaji alikuwa amekaa hapohapo kwenye benchi, kofia magotini. Neno moja tu lingetosha: mpimeni malaria, nyumbani kwangu kuna mbu. Akalimeza.

Vidonge havikusaidia. Jioni ya siku ya tatu alikaa kando ya kitanda cha bintiye akimpepea. Midomo ya binti ilikuwa imekauka.

"Baba," alisema. "Mama kaniambia kuhusu stoo."

"Mama yako anakuza mambo."

"Mimi sikulaumu. Nataka tu kujua. Mbu wako hawana kitu kweli? Homa hii naijua. Ni ileile iliyoniulia mtoto wa kwanza."

"Hawana, mwanangu. Nisikilize, hii ni kazi yangu. Mbu hazaliwi na malaria. Malaria anaipata kwa mtu. Wale hawajamnyonya mtu mwingine yeyote ila mimi."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kufundishia wageni. Sentensi ikatoka mdomoni, ikabaki hewani mbele ya uso wake, naye akaisikia kama imesemwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Hawajamnyonya mtu mwingine yeyote ila mimi.

Aliweka pepeo chini. Binti alimtazama.

"Baba, kuna nini?"

"Nakuja sasa hivi."

Kituoni walikuwa wanafunga. Alimwambia mlinzi amesahau koti. Kwenye meza ya mpimaji alijitoboa kidole, akaipaka damu kwenye kipande cha kioo, akaikausha, akaitia rangi, akasubiri, akaiosha. Mikono ilifanya kazi bila yeye. Kisha akainamisha jicho kwenye hadubini.

Alikuwa ameviona vimelea mara nyingi kwenye damu za watu wengine. Hivi havikuwa vile vipete vidogo vinavyomtia mtu homa. Vilikuwa vya umbo la mwezi mchanga, virefu, vilivyopinda, vimetulia kati ya chembe za damu yake. Kila aliposogeza kioo alikuta kingine. Umbo hilo halimuumizi mtu. Ndani ya mtu halina kazi yoyote. Huzunguka tu kwenye mishipa, linangoja kunywewa, na lisiponywewa na mbu linakufa. Lakini likifika tumboni mwa mbu linaamka, madume na majike yanakutana, yanazaliana, na baada ya muda watoto wake wanapanda hadi kwenye mate ya yule mbu, tayari kwa mtu mwingine.

Vilikuwa vinangoja ndani yake. Alipokuwa anakunywa chai, alipomtania mkewe, alipolala, vilikuwa humo vimekaa kama abiria wenye tiketi. Na kila asubuhi yeye mwenyewe alikunja shati, akavipeleka. Alikumbuka utulivu aliokuwa akiupata mkono ukiwa ndani ya kizimba, ule usingizi mtamu, na nywele zikamsimama. Alijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akipenda kwenda chumba kile.

Swali hilo linavutia, lakini lisimpe mtu yeyote pa kujifichia. Vimelea havina akili wala nia. Mwenye akili alikuwa yeye. Havikumwambia aseme amepima, wala havikumfunga mdomo pale kwenye benchi la zahanati.

Alikimbia mpaka nyumbani. Walikodi gari, wakampeleka binti hospitali kubwa, na safari hii mlishaji aliongea kabla hajaulizwa. Alisema kuhusu kizimba, kuhusu tundu, kuhusu damu yake. Daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso. Wakampima binti, wakakuta malaria nyingi, wakaanza dawa ya mshipani papo hapo. Kisha mkunga akaweka kifaa tumboni, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili, akarudi tena wa kwanza. Mama mtu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Kile alichokuwa akikisikiliza mkunga kilikuwa kimya.

"Vimelea hivi vinapenda kujificha kwenye kondo la nyuma," daktari alimwambia mlishaji koridoni. "Vinajazana pale, mtoto anakosa chakula na hewa. Mngekuja siku tatu mapema tungeongea lugha nyingine."

"Nilikuwepo zahanati," mlishaji alisema. "Nilikuwa nimekaa pale."

"Na hukuwaambia."

"Sikuwaambia."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa maabara, akasimama mbele ya meza. Alimwambia kila kitu. Mkuu hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Nilikuuliza mlangoni kama umepima."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia umepima."

"Nilikuambia."

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha mimi sheria ile. Nilikuja hapa sijui hata kushika kizimba."

Vizimba vyote vilipuliziwa dawa siku hiyo, vya kituoni na kile cha stoo, na nyumba yake ikapuliziwa chumba kwa chumba na watu waliovaa barakoa huku majirani wakichungulia. Yeye alimezeshwa dawa mbele ya muuguzi, pamoja na ile inayoua vile vimelea vya umbo la mwezi. Kazi ilikwisha.

Binti alipona. Alipopata nguvu ya kukaa, mumewe alipanda kumchukua. Mlishaji aliwabebea mzigo hadi kwenye gari. Alitaka kusema neno, akaanza mara mbili.

"Baba, usiseme," binti alimwambia. "Ukiomba msamaha nitalazimika kukupa, na mimi sina."

"Sawa, mwanangu."

"Ungeniambia tu siku ile mezani. Nilikuuliza ni nani anaimba."

Gari likaondoka. Mkewe alirudi ndani peke yake.

Kusema amepima wakati hajapima kulimgharimu kazi yake na ukoo wa mbu aliotaka kuuokoa. Kunyamaza kwenye benchi la zahanati kulimgharimu mjukuu, mtoto wa kike, aliyezaliwa akiwa ameshakufa. Na binti yake hajalala tena chini ya paa la baba yake.